Ramani ya Kwanza ya Mwalimu Eldrid

Eldrid Nordgarden alifundisha hesabu miaka kumi na minne katika shule ya Øyrdal, na hata alipoiweka chaki chini jina halikumtoka. Dukani, kanisani, kwenye kituo cha mafuta, alikuwa Mwalimu. Nusu ya madiwani wa halmashauri walipita mikononi mwake. Mmoja wao, Trygve, alirudia mtihani wa hesabu mara tatu, na hilo hakulisahau.

Aliacha ualimu akiwa na miaka thelathini na tisa. Hakufukuzwa wala hakugombana na mtu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti wa wanyamapori, na watu wa kituo walikuwa wamewavisha kola majike ishirini na watatu wa kulungu wa theluji, wale wenye pembe za matawi wanaoishi juu milimani kwetu mwaka mzima. Kila kola ilituma habari kwa setilaiti kila baada ya saa tatu, ikisema mnyama yuko wapi. Miaka mitano ilipopita, kituo kikajikuta na nukta laki tatu na zaidi kwenye ramani, na hakuna mtu wa kuzifanyia kazi. Wataalamu waliwajua wanyama mpaka meno yao, lakini hesabu ziliwashinda. Mkuu wa kituo akamwalika Eldrid anywe kahawa, akamwonyesha skrini iliyojaa nukta, akamuuliza kama angeweza kusema wanyama hawa wanapenda kukaa wapi.

"Wanapenda wapi kuliko wapi?" Eldrid akauliza.

Mkuu alimtazama kidogo, kisha akamwambia kwamba kazi ni yake akiitaka.

Swali lile alikuwa nalo tangu utotoni. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba yake alizoea kusema kwamba kondoo wao wanaupenda mteremko wa miti ya mibetula, maana kila jioni aliwakuta huko. Eldrid alichukua karatasi ya miraba, akachora malisho yote, akahesabu. Mteremko ule ulikuwa robo tatu ya shamba zima. Hata kama kondoo wangetawanywa na upepo, wengi wangeangukia pale pale. Walichokipenda hasa kilikuwa kipande chembamba kando ya kijito, ambacho hakikufika hata sehemu moja ya ishirini ya shamba, na bado hakikukosa kondoo siku yoyote. Baba alicheka, lakini majira yale yale ya joto alihamishia geti kando ya kijito.

Kazi ya kituoni ilikuwa ile ile, ila kubwa zaidi. Kuona mnyama yuko mahali hakutoshi. Lazima ujue kulikuwa na nini kingine ambacho angeweza kukichagua akakiacha. Kwa hiyo Eldrid alichukua nukta za wanyama, kisha akaiambia kompyuta irushe nukta nyingine bila mpango juu ya mlima wote, akalinganisha. Mahali walipokuwa wanyama mna mwinuko gani, theluji kiasi gani, chakula gani, umbali gani kutoka barabarani? Na mahali pa kubahatisha je? Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo iliyotengeneza modeli, yaani hesabu inayoiga uchaguzi wa mnyama. Na kutoka kwenye modeli ikatoka ramani, kijani kibichi pale wanapopataka, nyeupe pale wasipopataka.

Ramani ilipendwa sana. Ilikuwa safi na mtu yeyote aliweza kuisoma. Bonde la Grønhola, upande wa mashariki wa mlima, lilitoka jeupe pe.

Namba moja tu ilimsumbua Eldrid. Chakula chao cha majira ya baridi ni kuvumwani, ule uoto mweupe wa kunyumbuka kama sponji unaokua juu ya changarawe, na kila mtu anajua wanaufukua kwa kwato hata chini ya theluji ya nusu mita. Lakini kwenye modeli, namba ya kuvumwani ilikuja na alama ya kutoa. Ukiiamini, kulungu wa theluji walikuwa wanakimbia chakula chao wenyewe. Eldrid aliitazama siku mbili, kisha akaandika mstari mmoja kwenye ripoti, kwamba huenda picha za setilaiti zinachanganya kuvumwani na mawe meupe. Akaendelea na mambo mengine. Mstari ule ulikuja kumuuma baadaye kuliko kosa lolote alilowahi kulifanya.

Mwaka uliofuata halmashauri ilipokea mpango wa kujenga nyumba za mapumziko mia moja na arobaini huko Grønhola. Gazeti la wilaya likachapisha ramani ya Eldrid ukurasa wa mbele, na maneno chini yake kwamba sayansi imethibitisha wanyama hawalihitaji bonde hilo.

Asubuhi ile ile Mzee Sjugurd aliingia ofisini kwake na buti zake za matope, gazeti limekunjwa mfukoni. Alikuwa askari wa wanyamapori aliyestaafu, miaka sabini na mmoja, mtu wa maneno machache ambaye akiyatoa huyatoa yote kwa mpigo.

"Mwalimu, hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

"Basi nifundishe na mimi. Wewe unasema Grønhola hawaitaki. Sasa wale wazee wa zamani waliochimba mashimo arobaini na moja ya kutegea kule, kwa mikono, kwenye mawe, walikuwa wanatega nini? Upepo?"

Eldrid alijibu kwamba hali ya hewa ya zamani ilikuwa nyingine na huenda wanyama walihama. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Twende ukaone," akasema. "Ukishaona ndiyo ubishe."

Walipanda Jumamosi ya pili ya Septemba, mwendo wa saa saba kwa miguu. Mashimo yalikuwepo kama alivyosema, yamepangwa kwa mstari kukata bonde zima, kuta zake za mawe zimekaa imara kana kwamba mafundi waliondoka juzi. Lakini Eldrid hakuyatazama sana mashimo. Alitazama chini ya miguu yake. Mzee Sjugurd aliinama, akasukuma mkono ndani ya kuvumwani, ukazama mpaka kwenye kifundo. Upande wa magharibi, ambako wanyama walikuwa wakiishi, uoto huo ulikuwa umetafunwa mpaka changarawe.

Eldrid alipiga magoti. Mzee alidhani amechoka, akamkatia kipande cha mkate wa bapa na jibini la kahawia. Ila Eldrid alikuwa anaisoma upya ile namba yenye alama ya kutoa, na sasa ilisomeka vizuri kabisa. Chakula kingi kuliko chote mlimani kilikuwa hapa, na hapa hapakuwa na mnyama hata mmoja, kwa hiyo kompyuta ilihitimisha kwamba wanyama hawapendi chakula. Kompyuta haikudanganya. Ilijibu swali ililoulizwa. Yeye ndiye aliyeiambia kwamba Grønhola ni mahali ambapo mnyama angeweza kupachagua, bila kuuliza kama mnyama anaweza kupafikia.

Na kwa nini asifike? Jibu walilivuka kwa miguu yao wakati wa kurudi. Kati ya magharibi na Grønhola ilipita njia ya watembezi na watelezaji wa theluji, imewekewa miti ya alama kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati yake ilikaa nyumba ya wageni ya Steinsbu. Jumatatu Eldrid aliacha kuchora nukta akaanza kuchora mistari, nyayo kwa nyayo, saa tatu kwa saa tatu. Kila mwaka mwezi wa Aprili mistari ilikuja kutoka magharibi imenyooka, ikafika kilomita moja hivi kutoka kwenye njia, ikapinda, ikarudi. Miaka mitano, majike ishirini na watatu, na hakuna mstari hata mmoja uliopita.

Alimwendea mkuu wa kituo, akamwambia kwamba ramani ina kosa na kosa ni lake. Mkuu alitaka kujua kama ni kosa dogo.

"Si dogo," Eldrid akasema. "Lakini najua lilipo, na najua jinsi ya kulitoa."

Alikuwa na uhakika. Safari hii asingerusha nukta juu ya mlima mzima. Kwa kila hatua ambayo mnyama aliipiga kwa saa tatu, angechukua hatua nyingine ishirini ambazo mnyama yule yule, kutoka pale pale aliposimama, angeweza kuzipiga akaziacha. Halafu angeuliza: kwa nini hii, si zile? Na kama baadhi ya zile zilivuka njia, idadi ya watu waliokuwepo siku ile ingeingia kwenye hesabu. Hapo alikwama. Watu wa kila siku kwa miaka mitano waliandikwa mahali pamoja tu, kwenye vitabu vya wageni vya Steinsbu, na msimamizi wa Steinsbu alikuwa Gudlaug, dada yake wa tumbo moja, mkubwa kwake kwa miaka sita.

Gudlaug alimpokea jikoni, anamimina uji wa unga kwenye chuma cha kuokea mikate ya miraba.

"Unataka vitabu uwahesabu wageni wangu kama kondoo wa baba?"

"Nataka kujua siku gani walipita wengi na siku gani hakupita mtu, dada."

"Na ukishajua?"

Eldrid angeweza kuzungukazunguka. Hakuzunguka. "Nikishajua, huenda nikarudi kukuambia ufunge Pasaka."

Gudlaug aliacha chuma juu ya moto mpaka mkate ukaanza kunuka. Pasaka ndiyo siku zake kubwa, vitanda vyote vimejaa na watu wanalala mpaka kwenye sakafu ya chumba cha kulia.

"Angalau wewe unanichinja mchana kweupe," akasema mwishowe. Alifungua kabati, akatoa vitabu vitano vyenye madoa ya kahawa, akavitua mezani kwa kishindo. "Chukua. Nikikunyima utakuja kukaa hapo mlangoni na daftari, nakujua. Na huo mkate ulioungua ni wako."

Eldrid aliula wote.

Kazi ilichukua majira ya baridi mazima. Ilipokamilika, namba ya kuvumwani ilikuwa na alama ya kujumlisha na ilikuwa kubwa kuliko zote. Namba ya kuvuka njia ilikuwa ya kutoa, na ilizidi kuzama kila watu walipoongezeka. Wakiwa watano kwa siku, wanyama walisitasita. Wakifika thelathini, njia ile ilikuwa ukuta.

Hakuiamini kwa sababu tu ilimpendeza. Tangu mwanzo alikuwa ameficha habari za majike wawili, namba nane na namba kumi na tisa, asizioneshe kwa kompyuta. Sasa alizitoa na kuiambia modeli ibashiri: kati ya hatua ishirini na moja, ni ipi mnyama aliipiga kweli? Modeli ya zamani ilibahatisha kama mtu aliyefumba macho. Mpya iliiweka hatua ya kweli miongoni mwa tano za juu mara nyingi mno kuwa bahati. Eldrid alisimama, akafungua dirisha, akavuta hewa ya baridi, akaketi tena kuandika barua kwa mwenyekiti wa halmashauri.

Mwenyekiti, mkulima mmoja aitwaye Bergljot Hauge, alimpa nusu saa. Ukumbi ulijaa. Eldrid alianza kwa kubandika ramani ya kwanza ukutani na kusema kwamba ni yake na kwamba ni mbaya. Watu waliokuja kusikia ubishi walijiweka sawa kwenye viti. Akawaeleza kwa maneno ya kawaida: ukitaka kujua kama mtu anapenda samaki, usimhesabie samaki walio kwenye chumba alichofungiwa nje. Halafu akabandika ramani ya pili. Grønhola ilikuwa kijani kibichi.

Trygve aliomba kusema. Alikuwa diwani wa muhula wa tatu na aliutaka mradi ule kwa moyo wote.

"Mwalimu, ya kwanza ulituambia ni sahihi. Ya pili nayo ni sahihi. Ya tatu utatuletea lini?"

Watu walicheka, na Eldrid naye akacheka kidogo.

"Nikikosea tena nitaileta mwenyewe, kama nilivyoileta hii. Lakini hii ya pili, Trygve, nimeitungia mtihani, na safari hii mtahiniwa ni mimi."

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Miti ya alama ing'olewe njiani na Steinsbu ifungwe kuanzia tarehe ishirini Machi hadi mwanzo wa Juni, kwa miaka miwili, na watelezaji wapewe njia nyingine kusini ya ziwa. Eldrid aliandika namba ubaoni mbele ya watu wote: kati ya majike ishirini na watatu wenye kola, si chini ya sita na si zaidi ya kumi na mmoja watavuka kuingia Grønhola kabla ya miaka hiyo kwisha. Wakipungua sita, yeye mwenyewe atakuja kusema ukumbini kwamba nyumba zijengwe.

Mzee Sjugurd alimwambia nje kwamba amejitia kitanzi bure, angesema "baadhi" tu yakaisha. Eldrid akamjibu kwamba "baadhi" haiwezi kukosea, na kitu kisichoweza kukosea hakina faida kwa mtu. Kura zilipigwa, mpango wa nyumba ukaahirishwa na mtihani ukakubaliwa, kwa tofauti ya kura moja. Gudlaug, aliyekaa safu ya nyuma, aliondoka bila kumuaga.

Machi ilifika, miti ya alama ikang'olewa. Theluji ilikuwa nzito mwaka ule. Aprili yote mistari ilikuja, ikasogea karibu kuliko zamani, mita mia sita, mia nne, ikapinda. Jike mmoja tu, namba tatu, alivuka, akakaa siku mbili, akarudi kwa wenzake. Basi. Dukani Trygve alimuuliza kama yule mmoja alikuja kutalii na kama alilipia kitanda. Gudlaug hakumpigia simu majira yote ya joto.

Eldrid hakulala vizuri wiki zile, asingekuambia uongo. Lakini alirudi kwenye hesabu na hesabu haikutetereka. Modeli ilijua theluji, chakula, mteremko na watu. Haikujua kwamba hawa majike hawajawahi kufika ng'ambo ile, wala mama zao. Njia ilikuwa imeondoka ardhini, lakini kwenye vichwa vyao bado ipo. Hilo linahitaji muda, akamwambia mkuu wa kituo, na muda nimeuomba, miaka miwili, sikuomba mmoja. Hakubadilisha namba ubaoni.

Mwaka wa pili, tarehe kumi na tisa Aprili, alifungua kompyuta huku anakunywa kahawa ya asubuhi. Nukta ya jike namba kumi na nne ilikuwa mashariki ya njia. Ya saa tatu kabla yake ilikuwa magharibi. Namba tatu alikuwa pamoja naye, na namba ishirini. Alimpigia Mzee Sjugurd, ambaye alifika baada ya robo saa, tayari amebeba skii zake za kutelezea theluji begani na darubini shingoni.

"Twende," mzee akasema. "Tukiharakisha tutawakuta juu ya mashimo."

"Hatuendi, mzee."

"Miaka arobaini nimeingoja siku hii, Mwalimu."

"Najua. Lakini tukienda kuwatazama, sisi ndio tutakuwa wageni wa Pasaka."

Mzee alisimama mlangoni kama aliyepigwa. Halafu akaegemeza skii ukutani, akavua kofia, akavuta kiti. Walikaa mbele ya skrini siku nzima, wakila mayai na samaki wa chumvi, wakingoja nukta mpya kila saa tatu kama watu wanaongoja matokeo ya uchaguzi. Adhuhuri walikuwa wanne. Jioni, sita. Mwisho wa mwezi walikuwa tisa, na kwa kila jike mwenye kola walikuwepo makumi wasio na kola. Ndama wa mwaka ule walizaliwa Grønhola.

Gudlaug alipopanda kufungua nyumba mwezi wa Juni, alipiga simu akiwa bado hajavua mkoba.

"Njoo ufagie mavi ya wanyama wako mlangoni kwangu," akasema.

"Mengi?"

"Kama wamefanya harusi." Eldrid akasikia mkoba ukitua sakafuni. "Umeshinda, Eldrid. Nina hasira na wewe na nina furaha, sijui nianze na ipi."

"Anza na hasira, dada. Nitakuja na furaha tutaikuta."

Alikwenda Jumapili ile, wakafagia wawili, wakagombana sawasawa kuhusu Pasaka mbili zilizopotea, wakapika nyama ya kondoo na kabichi.

Nyumba za mapumziko hazikujengwa Grønhola. Sitini zilijengwa chini, kando ya barabara kuu, ambako kulikuwa na umeme na maji tayari, na Trygve ndiye aliyekata utepe. Njia ya majira ya baridi ilibaki kusini ya ziwa. Steinsbu sasa hufunguliwa Juni na kufungwa baada ya msimu wa uwindaji, na Gudlaug husema hadharani kwamba wawindaji wanakula vizuri kuliko wateleza theluji na hawalii wakikosa intaneti.

Eldrid yuko kituoni bado. Vijana wa chuo kikuu huletwa kwake wakiwa na ramani zao nzuri, naye huwauliza kwanza ni namba gani kwenye jedwali lao iliyowashangaza, na waliiandikia udhuru gani. Wengi huona haya. Ramani ya kwanza ameitundika juu ya meza yake, na hamfichi mtu ni ya nani. Siku hizi anashughulika na madume, ambao kila Oktoba wanateremka kwenye msitu wa magharibi kwa sababu ambayo modeli yake haijaipata. Mzee Sjugurd anasema anaijua. Eldrid amemwambia aiandike kwenye bahasha, aifunge, ailete ofisini, ili yeye akimaliza hesabu zake waifungue pamoja waone nani kapatia.